Vipimo vya Mnyororo au vya Mwanzo Mmoja: Ulinganisho kwa Wanaochora Ramani za Nyumba kwa Kompyuta

Ramani ya nyumba inapofika saiti, iwe Goba, Kigamboni au Chanika hapa Dar es Salaam, kitu cha kwanza anachokitafuta fundi mwashi ni tarakimu. Mistari inamwonyesha umbo la nyumba, lakini ukuta unajengwa kwa kufuata namba iliyoandikwa kwenye mstari wa kipimo, na ndiyo maana ramani nyingi hubeba onyo kwamba vipimo visichukuliwe kwa rula juu ya karatasi bali visomwe kama vilivyoandikwa. Kwa hiyo anayechora kwa kompyuta anapofikia hatua ya kuweka vipimo, hapambi mchoro uliokwisha kukamilika. Anaandika maagizo yatakayotekelezwa kwa saruji na nondo, na namna atakavyoyaandika inaweza kumrahisishia fundi kazi au kumtia hasara mwenye nyumba.

Programu zote zinazotumiwa hapa mjini kwa kazi hii zinaweza kupima mstari na kuandika urefu wake, na ubingwa wa kubofya alama mbili hadi kipimo kitokee hujifunzwa kwa siku moja. Ugumu uko katika kuchagua: vipimo vipangwe vipi, maandishi yawe na ukubwa gani, na kazi ifanywe katika programu ipi. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Mpangilio uchaguliwe kwa kumtazama mtu atakayeshika futi kamba, na programu ichaguliwe kwa kutazama kama kipimo kinabaki kimefungwa na ukuta pale ukuta unaposogezwa.

Mpangilio wa vipimo

Chukua ukuta wa mbele wa nyumba ya kawaida ya tofali za inchi 6, ambazo kwenye ramani huchorwa kwa unene wa milimita 150, wenye vyumba vitatu vilivyofuatana vya milimita 3,600, 3,000 na 4,200. Kwa mpangilio wa mnyororo, kila kipimo huanzia pale kilipoishia kilichotangulia, na ukisoma kutoka kushoto utapata 150, 3,600, 150, 3,000, 150, 4,200 na 150, jumla yake ikiwa 11,400. Kwa mpangilio wa mwanzo mmoja, vipimo vyote huanzia kwenye pembe ile ile ya nyumba, nawe utasoma 150, 3,750, 3,900, 6,900, 7,050, 11,250 na 11,400. Ukuta ni ule ule, lakini kazi anayopewa fundi si ile ile hata kidogo.

Mtazame fundi anapouseti msingi huo. Akiwa na ramani ya mnyororo, msaidizi wake hushika ncha ya futi kamba kwenye pembe, yeye huweka alama, kisha msaidizi huhamia kwenye alama hiyo na kuanza upya, mara saba mpaka ukuta uishe. Tofauti ya milimita 3 katika kila hatua haihitaji uzembe wowote. Ni unene wa alama ya penseli ya seremala kwenye ubao. Tofauti hizo zikielemea upande mmoja, mwisho wa ukuta unaweza kuwa umekwenda milimita 21 nje ya mahali pake. Akiwa na ramani ya mwanzo mmoja, futi kamba huning'inizwa mara moja kwenye msumari wa pembeni, huvutwa mpaka mwisho, na alama zote saba huwekwa bila kuihamisha. Alama ya tano ikikosewa kwa milimita 3, ya sita haiathiriki. Ni kweli kwamba fundi mzoefu mwenye ramani ya mnyororo hujumlisha mwenyewe namba pembeni mwa karatasi ili apate vipimo vya mwanzo mmoja, lakini hapo tunamwachia hesabu ambayo kompyuta ingeifanya bila kukosea, tena tunamwachia akiwa juani na watu wanamsubiri.

Hata hivyo mnyororo una watu wake. Mwenye nyumba anayetaka kujua chumba cha watoto kina upana gani haoni jibu kwenye namba 3,900 na 6,900 mpaka atoe moja kwa nyingine. Mkadiriaji majenzi anayehesabu eneo la sakafu, fundi marumaru, seremala wa kabati na afisa wa manispaa anayepitia maombi ya kibali cha ujenzi wote wanataka ukubwa wa chumba chenyewe. Kwao mnyororo ni lugha ya moja kwa moja.

Ndiyo maana naona si sahihi kutafuta mpangilio mmoja wa kutumika kwenye karatasi zote, jambo ambalo limekuwa mazoea: mchoraji huweka mnyororo kwenye ramani ya sakafu, kisha hunakili vipimo vile vile kwenye ramani ya msingi. Karatasi hizi mbili zina wasomaji tofauti. Ramani ya sakafu ibaki na mnyororo, na ramani ya msingi iwekewe vipimo vya mwanzo mmoja, kwa kuwa huyo anayeisoma ndiye mwenye kamba na vigingi mikononi.

Kwenye ramani ya sakafu, desturi nzuri ni mistari mitatu ya vipimo nje ya kila ukuta: wa ndani unaonyesha milango na madirisha, wa katikati kuta na vyumba, wa nje jumla. Kiwango cha kimataifa cha ISO 129-1, toleo la 2018, kinashikilia kwamba kila kipimo kionekane mara moja tu, na kipimo cha ziada kinachoweza kupatikana kwa hesabu kiwekwe ndani ya mabano kama taarifa. Wachoraji wa vipuri vya mashine hulifuata hilo kwa ukali. Kwenye majengo naliona suala hilo kwa upole zaidi, kwa sababu mstari wa jumla ndio unaomwezesha fundi kugundua kwamba mnyororo una kasoro. Nimewahi kuiona ramani iliyotoka kwenye ofisi moja ambayo mnyororo wake ulijumlika kuwa 11,250 huku mstari wa nje ukisema 11,400. Mtu alisahau unene wa ukuta mmoja, na bila ule mstari wa nje asingekuwapo wa kushtuka.

Kwa upande wa utekelezaji, programu ya AutoCAD ina amri ya DIMCONTINUE kwa mnyororo na DIMBASELINE kwa mwanzo mmoja, na zote mbili huanza kutoka kwenye kipimo cha kwanza ulichokiweka kwa DIMLINEAR. Tatizo la DIMBASELINE ni nafasi. Mfano wetu mdogo ungekuwa na mistari saba iliyopandana, na ukiacha milimita 7 kati ya mmoja na mwingine, vipimo vya upande mmoja tu vitakula karibu sentimita 5 za karatasi. Kwenye ukuta mrefu wenye madirisha mengi njia hiyo haifai, na hapo DIMORDINATE ndiyo bora: haichori mistari ya vipimo kabisa, bali huandika mbele ya kila alama umbali wake kutoka kwenye sifuri. Sharti lake ni kwamba sifuri ya mfumo wa majira (namba zinazoonyesha mahali kwenye mchoro) ihamishiwe kwanza kwenye pembe ya nyumba. Ukilisahau, namba zitapimwa kutoka popote ilipo sifuri ya faili, na utapata tarakimu ndefu zisizomwambia fundi lolote. Programu ya Revit imelirahisisha suala hili kuliko zote, kwani aina ya kipimo inaweza kubadilishwa kwenye mipangilio yake kutoka mnyororo kwenda mwanzo mmoja au kwenda namba za majira, na mfululizo wote uliokwisha kuwekwa ukabadilika bila kuchorwa upya.

Mafundi wa alumini na wachomeleaji wanaotoboa bamba la chuma wana sababu kubwa zaidi ya kuukimbia mnyororo. Bamba lenye matundu ya bolti likipimwa kutoka ukingoni hadi tundu la kwanza, kisha kutoka tundu hadi tundu, na kila hatua ikiruhusiwa kukosea nusu milimita kila upande, tundu la tano linaweza kuwa limehama milimita 2.5, na bolti haipiti. Huko sioni mjadala.

Kipimo kinaishia wapi, na kwa kizio kipi

Ukuta wa tofali una sura zaidi ya moja: uso wa tofali, uso wa plasta na mstari wa katikati. Kwa nyumba za chini, pima kwenye uso wa tofali, kwa kuwa fundi anapojenga hakuna plasta, na uandike hivyo kwenye maelezo ya ramani. Kwa jengo la ghorofa lenye nguzo, vipimo vikuu viwe kati ya mistari ya gridi, yaani mistari ya kupangia nguzo, ili mchoro wa mbunifu majengo na ule wa mhandisi vizungumze lugha moja hata ukubwa wa nguzo ukibadilika. Fundi alumini yeye atakuja kupima tundu la dirisha baada ya plasta kukauka, na ni vyema afanye hivyo.

Kuhusu vizio, wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam bado huzungumza kwa futi. Mtu ataomba chumba cha futi 10 kwa 12, na mchoraji ataandika 3,000 kwa 3,600, ilhali futi 10 ni milimita 3,048 na futi 12 ni takribani 3,658. Programu nyingi zinaweza kuandika vizio viwili pamoja, milimita na futi, na wapo wanaoiona hiyo kuwa huduma kwa fundi mwenye futi kamba ya pande mbili. Naipinga desturi hiyo kwenye ramani ya ujenzi. Namba ya pili huwa imekadiriwa, karatasi hujaa, na mafundi wawili wakianza mmoja kwa futi na mwingine kwa sentimita, kuta hazitakutana mahali palipokusudiwa. Kizio kiwe kimoja, kitajwe mara moja kwenye kona ya maelezo, na mwenye nyumba aelezwe ukubwa wa futi kwa mdomo.

Ukubwa wa maandishi na karatasi

Katika programu hizi nyumba huchorwa kwa ukubwa wake halisi, ilhali maandishi ya kipimo yanatakiwa yawe na ukubwa wa kusomeka kwenye karatasi. Herufi ya milimita 2.5 kwenye karatasi ya skeli ya 1:100 lazima iwe na milimita 250 ndani ya mchoro. AutoCAD inatoa njia tatu za kulimaliza hilo. Ya kwanza ni kukipa kigezo cha DIMSCALE thamani ya 100, na mishale, maandishi na nafasi vyote vikuzwe kwa pamoja. Ya pili, iliyoingia katika toleo la 2008, ni vipimo vinavyobeba orodha ya skeli na kujirekebisha vyenyewe kulingana na dirisha la mchoro (fremu ya kwenye ukurasa wa kuchapia) linalovionyesha. Ya tatu ni kuweka vipimo moja kwa moja kwenye ukurasa wa kuchapia, kwa ukubwa wao halisi.

Kwa mchoraji wa nyumba za kawaida, ambaye ramani yake ya sakafu itachapwa kwa skeli moja tu, njia ya kwanza ndiyo ninayoipendekeza ijapokuwa ni ya zamani. Haina mengi ya kuharibika, na faili likifunguliwa katika programu nyingine, vipimo vyake hubaki vinasomeka. Njia ya pili inalipa pale ambapo sehemu ile ile inaonyeshwa kwa 1:100 na tena kwa 1:50, kama jiko au choo. Njia ya tatu inafaa kwa michoro ya kina, ila dirisha la mchoro lifungwe lisisogee.

Kuna jambo la hapa hapa mjini ambalo mafunzo mengi ya programu hayaligusi. Ramani hupangwa kwa karatasi ya A1, lakini nakala inayofika saiti mara nyingi ni ya A3 iliyochapwa steshenari, kwa sababu ya gharama. A3 ni nusu ya A1 kwa urefu na kwa upana, hivyo skeli ya 1:100 inageuka kuwa 1:200 na herufi ya milimita 2.5 inakuwa ya milimita 1.25. Faili likipita WhatsApp na kuishia kwenye A4, hata herufi ya milimita 3.5 inabaki na milimita 1.2 hivi. Chagua milimita 3.5 tangu mwanzo, na kama unajua kwamba mteja atachapa A3, panga karatasi ya A3 yenyewe na ugawe ramani katika kurasa zaidi. Namba 3 inayofanana na 8 kwenye karatasi yenye vumbi la saruji si jambo dogo.

Programu

Hapa ndipo suala la kufungwa kwa kipimo linapochukua nafasi yake. Katika AutoCAD, kigezo cha DIMASSOC kikiwa na thamani ya 2, kila kipimo kipya hushikamana na ukuta wenyewe. Ukuta ukisogezwa, namba inajirekebisha. Kigezo hiki huhifadhiwa ndani ya faili, kwa hiyo faili la zamani ulilorithi kwa mtu mwingine linaweza kuwa na 1 au 0 bila wewe kujua, na 0 maana yake ni kwamba kila kipimo unachoweka hutoka kikiwa mistari na maandishi matupu. Kikague kabla ya kuendelea na kazi ya mtu. Vipimo vilivyokwisha kuachana na kuta hurudishwa kwa DIMREASSOCIATE. Udhaifu mkubwa wa AutoCAD, kwa maoni yangu, ni kwamba inakuruhusu kufuta namba iliyopimwa na kuandika yako. Chumba kina 2,985, mchoraji hataki kuusogeza ukuta, anaandika 3,000 na kuendelea. Tangu hapo ramani inasema jambo moja na mchoro jambo jingine, na ukuta ukihamishwa mara mia, 3,000 itabaki pale pale. Hakuna ofisi inayopaswa kuliruhusu hilo.

Revit imeufunga mlango huo. Ukijaribu kuandika tarakimu mahali pa kipimo, programu inakataa na kukutaka uandike maelezo ya maneno tu. Zaidi ya hapo, ukiuchagua ukuta, kipimo kinageuka kuwa cha kuamuru: ukibadilisha 2,985 kuwa 3,000, ni ukuta unaosogea. Ukibofya alama ya usawa, madirisha matatu yatajigawa kwa nafasi sawa. ArchiCAD nayo huvishikiza vipimo kwenye kuta. Gharama ya programu hizi mbili ni leseni ya kulipia kila kipindi, kompyuta yenye nguvu zaidi, na muda mrefu wa kujifunza. Kwa ofisi inayochora maghorofa, gharama hiyo ina maana. Kwa anayechora nyumba moja moja za vyumba vitatu, inaweza kumlemea.

LibreCAD ni ya bure kabisa, ni nyepesi, inafanya kazi kwenye kompyuta ya zamani, na inatosha kwa mchoro wa bapa. Kipimo chake, hata hivyo, hushika alama ulizobofya, hakishiki ukuta. Ukiusogeza ukuta peke yake, kipimo hubaki nyuma na namba ya zamani, na ili vyote viende pamoja inabidi utumie amri ya kunyoosha (Stretch) na uhakikishe kwamba dirisha la kuchagua limezingira ncha za ukuta pamoja na alama za kipimo. Kwa mtu makini inawezekana. Anayefanya mabadiliko mengi kila mteja anapopiga simu, naona hatari yake ni kubwa, na ningemshauri aweke vipimo mwishoni kabisa, kuta zikishakubaliwa.

FreeCAD, nayo ya bure, iko karibu zaidi na watengenezaji wa vitu kuliko wajenzi. Kipimo unachokiandika kwenye mchoro wake wa awali ndicho kinachoamua umbo, na karatasi ya kuchapa hupata vipimo vyake kutoka kwenye umbo hilo. Mtengeneza fenicha wa Keko anayetaka kabati lile lile kwa upana tofauti, au mchomeleaji wa mageti, atanufaika nayo kuliko na AutoCAD. Katika matoleo ya zamani vipimo vya karatasi viliweza kupotea mahali pake umbo lilipobadilishwa, tatizo lililopunguzwa sana katika toleo la 1.0 la Novemba 2024, kwa hiyo asiyelitumia bado toleo hilo alipakue kwanza.

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi, wa DIT au wa chuo cha VETA anaweza kupata programu za Autodesk bila malipo kwa ajili ya masomo, lakini ruhusa hiyo haihusu kazi za wateja. Akishaanza kulipwa, uamuzi uwe kati ya kulipia leseni na kuhamia kwenye programu ya bure, na akihama ajue kwamba vipimo ndivyo huumia kwanza safarini. Faili la DWG, lile la AutoCAD, likigeuzwa kuwa DXF, aina ya faili ya kubadilishana kati ya programu, na kufunguliwa kwingine, kipimo kinaweza kufika kikiwa kizima, kikiwa kimeachana na ukuta, au kikiwa kimevunjika kuwa vipande vya mistari, na kwa macho vyote vitatu vinafanana. Tengeneza nakala ya faili, nyoosha ukuta mmoja kwa milimita 500, kisha usome namba iliyo juu yake kabla hujamtumia mtu yeyote ramani hiyo.